Kamba Ikikatwa, Hatari Haijakwisha: Maarifa ya Kumwokoa Mtu Ambaye Kiungo Chake Kimekosa Damu



Kwa desturi kurasa hizi hushughulika na mambo ya usalama wa kila siku: wizi wa injini za mashua, ugomvi wa malisho na visima, vijana waliopotea njia, na wajibu wa raia wa kutoa habari mapema. Safari hii tunawaomba mtuvumilie tuingie katika somo ambalo kwa juujuu ni la waganga, nalo ni madhara yanayoupata mwili pale kiungo kilichokosa damu kwa muda mrefu kinaporudishiwa damu yake. Tumelichagua kwa sababu moja. Mikono inayokaza kamba, na mikono inayoikata, aghalabu si mikono ya madaktari. Ni yetu sisi polisi, na ni yenu ninyi wananchi.

Tukio lililotufunza

Tutaanza na tukio tunalolijua vyema, wala hatutataja jina la mtu, la kisiwa wala la kituo, kwa kuwa aliyedhurika yu hai na ana haki ya sitara. Ilikuwa msimu wa kaskazi. Injini ya mashua ilitoweka pwani, na kijana mmoja mvuvi akashukiwa. Watu waliokuwa na hasira walimkamata wakati wa magharibi, wakamfunga mikono nyuma kwa kamba ya nailoni, ile inayotumika kwa jarife, wakaizungusha juu ya viwiko mara kadhaa. Maji yalikuwa yamekupwa, chombo hakikuweza kushuka, na kijana akakaa katika hali hiyo usiku kucha hadi maji yalipojaa alfajiri, ndipo akaletwa kituoni.

Afisa wa zamu alifanya kile ambacho kila mwenye huruma angekifanya. Aliikata kamba, akamwagizia chai, akamwambia, "Tulia mwanangu, umefika penye sheria." Kijana alishukuru, akanywa chai, akaanza kutoa maelezo yake. Mikono ilikuwa ya baridi na yenye ganzi, lakini rangi ilikuwa inarudi, na sote tukaona kwamba balaa limepita. Hakuna aliyeuliza alikuwa amefungwa tangu lini. Hakuna aliyeandika.

Ilipokaribia adhuhuri, mkono wa kulia ulikuwa umefura na kuwa mgumu kama gunia lililoshindiliwa, na kijana analia kwa maumivu. Akaitwa mzee wa kumchua kwa mafuta na kumkanda kwa maji ya moto. Usiku mkojo wake ukawa na rangi ya kahawa nyeusi. Alipofikishwa hospitali siku ya pili, madaktari walimpasua mkono ili kuokoa kilichosalia, wakampa maji mengi ya mishipa ili kuziokoa figo zake. Mkono haukukatwa, ila kiganja chake hakifumbi tena. Hawezi kuvuta jarife.

Injini haikuwa imeibwa. Mshirika wa mwenye chombo aliichukua kwenda kuitengeneza bila ya kuaga.

Kosa la kwanza lilikuwa la waliomfunga. Kosa la pili lilikuwa letu, kwani tulidhani kwamba kukata kamba ndio mwisho wa hatari. Laiti tungalijua siku ile tunayoyajua leo, kijana yule angalifikishwa kwa mhudumu wa afya asubuhi ileile, na yamkini angalikuwa baharini hivi sasa.

Kiungo kikikosa damu

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Seli za kazi moja zikikusanyika pamoja, kama vile za msuli au za neva, huitwa tishu. Ifikirieni kila seli kama mashua iliyo baharini. Hakuna mashua isiyovuja kabisa. Kinachoiweka juu ya maji ni wafuaji maji walioko ngamani, wasiochoka kuyatoa nje. Seli nayo ina wafuaji wake katika utando unaoizunguka, ambao usiku na mchana huitoa nje chumvi ya sodiamu na kuiingiza ndani chumvi nyingine iitwayo potasiamu.

Wafuaji hawa hutegemea nguvu inayopatikana kwa oksijeni, na oksijeni huletwa na damu. Damu ikizuiwa, wafuaji hulegea, sodiamu na maji huingia, na seli huanza kuvimba. Wakati huohuo msuli hujitahidi kupata nguvu pasipo oksijeni, na taka ya juhudi hiyo ni asidi, ambayo hulundikana mahali pamoja kwa kuwa hakuna mkondo wa kuiondoa.

Viungo havilingani katika uvumilivu. Ubongo huanza kuharibika katika dakika chache tu. Neva za mkono au mguu hutoa ganzi mapema, hata kabla ya saa nzima kupita. Msuli wa mkono au mguu huweza kuvumilia muda wa saa 2 hivi na kurudi katika hali yake. Ukipita muda wa saa 4 madhara ya kudumu huanza kuonekana, na baada ya saa 6 sehemu kubwa ya msuli huwa imekufa au inakaribia kufa. Ndiyo sababu swali la "tangu saa ngapi?" lina uzito mkubwa kuliko maswali mengi tuyaulizayo kituoni.

Damu inaporudi

Mtu angetarajia kwamba damu ikirudi, kila kitu kitatengemaa. Ni kweli kwamba bila ya damu kurudi kiungo hakina uhai, na kwa hiyo lazima irudishwe. Lakini kurudi kwenyewe kuna madhara ya namna tatu.

La kwanza ni ndani ya tishu zenyewe. Seli iliyodhoofika hupokea oksijeni kwa ghafla, na badala ya kuitumia yote kwa utaratibu, sehemu yake hugeuka kuwa chembe kali ambazo hushambulia utando wa seli na kuta za mishipa myembamba ya damu. Askari wa mwili, yaani seli nyeupe za damu, huja kwa wingi kana kwamba kuna adui, wakaiziba mishipa hiyo na kuongeza uharibifu. Huweza kutokea kwamba mshipa mkubwa umefunguka na damu inapita, lakini ile mishipa midogo iliyo ndani ya msuli imebaki imezibwa.

La pili ni uvimbe. Mishipa iliyojeruhiwa huvujisha maji, na msuli hufura. Misuli ya mkono na ya mguu imefungwa ndani ya mifuko ya utando mgumu usiotanuka. Msuli ukifura ndani ya mfuko huo, shinikizo hupanda mpaka likaibana mishipa upya. Kwa hiyo mtu aliyefunguliwa kamba ya nje hujikuta amefungwa kwa kamba ya ndani, isiyoonekana. Hili ndilo lililomfika kijana wetu.

La tatu ni la mwili mzima. Msuli uliokufa au kujeruhiwa umejaa potasiamu, asidi, na dutu nyekundu iitwayo mayoglobini, ambayo kazi yake ni kuhifadhi oksijeni msulini. Kamba inapokatwa au jiwe linapoondolewa, vyote hivyo huchukuliwa na damu kwa mara moja. Potasiamu nyingi ikifika moyoni huweza kuvuruga mapigo yake, na moyo ukasimama katika dakika chache. Mayoglobini hushuka kwenye figo na kuziba vijia vyake, na hapo ndipo mkojo hugeuka rangi, ukapungua, kisha ukakatika. Mtu aliyekuwa akizungumza na waokoaji wake chini ya kifusi huweza kufa baada ya kutolewa, na watu wakabaki kustaajabu.

Elimu hii ilivyopatikana

Elimu hii ilipatikana kwa misiba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiupiga mji wa London kwa mabomu, watafiti Eric Bywaters na Desmond Beall waliwachunguza watu waliofukuliwa kutoka katika nyumba zilizoanguka baada ya kulaliwa na kifusi kwa muda wa saa nyingi. Walipofikishwa hospitali walionekana kuwa na hali nzuri isipokuwa kiungo kilichovimba. Baadaye shinikizo la damu lilishuka, mkojo ukawa mweusi na kupungua, na aghalabu wakafariki ndani ya siku chache kwa kushindwa kwa figo. Taarifa yao ilichapishwa mwezi Machi 1941.

Mwaka 1960 mtafiti Robert Jennings na wenzake nchini Marekani, wakichunguza mioyo ya mbwa, walionesha kwamba msuli wa moyo uliozibiwa damu kisha ukarudishiwa hubadilika kwa namna na kasi isiyokuwa ya msuli ulioachwa umezibwa. Mwaka 1981 Neil Granger na wenzake walionesha, kwa uchunguzi wa utumbo wa paka, kwamba chembe kali zitokanazo na oksijeni zina sehemu katika uharibifu huo.

Manufaa ya elimu hiyo yalionekana wazi katika tetemeko la ardhi la Marmara, Uturuki, tarehe 17 Agosti 1999. Wagonjwa 639 walipata matatizo ya figo kwa sababu ya kulaliwa na kifusi, na 477 kati yao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Zaidi ya wanane katika kila kumi waliokoka. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo mwaka 1941 ulikuwa umegeuka kuwa ugonjwa unaotibika, kwa sharti kwamba tiba ianze mapema.

Pembe yetu ya dunia

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Nchini Uganda, katika miaka ya 1980, kulikuwa na desturi ya kumfunga mtu kandoya, yaani mikono kufungwa nyuma juu ya viwiko kwa kamba iliyokazwa sana. Shirika la Amnesty International lilieleza katika ripoti zake jinsi ufungaji huo ulivyowaacha watu na mikono iliyopooza, na wengine na mikono iliyooza. Waliofunga walikuwa watu wenye sare. Tunalisema hili sisi tuvaao sare, kwa sababu ni heri tulitaje wenyewe kuliko kungoja kutajiwa. Uganda baadaye ilipitisha sheria ya kuzuia mateso mwaka 2012, na Kenya ikafuata kwa sheria yake mwaka 2017.

Kifusi nacho tunakijua. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka mtaa wa Huruma, Nairobi, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Hata hivyo, siku ya sita bado walitolewa watu wakiwa hai. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, nako wengi waliofikiwa kwanza walifikiwa na raia wa kawaida waliokuwa karibu. Mjini Mogadishu, mlipuko wa tarehe 14 Oktoba 2017 uliangusha majengo na kuua mamia. Huku kwetu, pande zote mbili za mpaka, mabomu yanayotegwa barabarani yamewajeruhi wasafiri na walinzi wa amani viungoni mwao.

Sasa tupime umbali. Kutoka Ras Kamboni hadi Kismayo hakupungui kilomita 170, na aliyeko Chula, Chovai au Koyama hutegemea chombo, upepo na maji. Kismayo ndiko iliko Hospitali Kuu, ambayo kwa miaka mingi imesaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Muda wa saa 6 unaotajwa na madaktari unaweza kumalizika kabla mgonjwa hajaiona nchi kavu. Kwa hiyo sisi wa ukanda huu hatuna anasa ya kungoja tuone uvimbe ndipo tuamue safari. Safari iamuliwe wakati kamba inapokatwa.

Kamba ya nyoka na kamba ya jeraha

Kuna mafundo mawili mengine yanayofungwa kwa nia njema, nayo yanahitaji kutofautishwa.

Fundo la kwanza ni lile afungwalo aliyeumwa na nyoka. Wazee wetu walifunga kitambaa au ukindu kwa nguvu juu ya jeraha wakidhani wanaizuia sumu isipande. Shirika la Afya Duniani limeonya dhidi ya ufungaji huo. Sumu ya kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, huharibu nyama pale ilipo. Kuifungia mahali pamoja pamoja na kuikosesha nyama damu ni kuongeza msiba juu ya msiba. Fundo likifunguliwa kwa ghafla, sumu iliyofungiwa na taka za msuli huondoka pamoja. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, asitembezwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kisichezeshwe, na afikishwe kwenye dawa ya kupinga sumu. Ikiwa amekwisha kufungwa kwa nguvu na muda mrefu umepita, asifunguliwe njiani. Mhudumu wa afya ndiye alifungue fundo, dawa ikiwa tayari mkononi.

Fundo la pili ni la jeraha linalomwaga damu kwa wingi, kama la risasi, la mlipuko, au la pangaboi la injini ya mashua. Hapa kwanza ni kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kwa mkono wenye nguvu. Damu ya mkono au mguu isiposimama kwa kukandamizwa, mkanda hufungwa, kwa kuwa mtu huweza kuishiwa damu katika dakika chache. Mkanda uwe mpana, usiwe uzi wala waya, uwekwe upana wa vidole vinne juu ya jeraha na usiwe juu ya kiungio, ukazwe mpaka damu isimame, na wakati wake uandikwe. Mafunzo ya zamani yalisema ulegezwe kila baada ya dakika 15 au 20. Hayo yameachwa. Kila ukilegezwa, majeruhi hupoteza damu nyingine asiyokuwa nayo. Ukishafungwa, ubaki hivyo hadi kwa mhudumu wa afya.

Tiba ya hospitalini

Ni vyema tujue madaktari watafanya nini, ili tusije tukamzuia mgonjwa au kumtorosha kwa hofu.

Jambo la kwanza ni maji ya mishipa, yaani dripu ya maji ya chumvi isiyo na potasiamu. Kwa mtu mzima aliyelaliwa na kitu kizito, mara nyingi huanzwa kwa kiasi cha lita 1 kwa saa, kisha kiasi hupimwa kulingana na mkojo na hali ya mgonjwa. Lengo ni figo zipate mkondo wa kusafishia ile mayoglobini. Palipo na mhudumu wa afya na vifaa, maji haya huanza kabla ya jiwe kuondolewa.

Jambo la pili ni moyo. Mapigo hupimwa kwa mashine, na potasiamu ikiwa juu hutolewa sindano ya kalisi ya kuulinda moyo, kisha insulini pamoja na sukari ili kuirudisha potasiamu ndani ya seli. Figo zikishindwa kabisa, damu husafishwa kwa mashine mpaka zipate nguvu; wengi hurudiwa na figo zao baada ya majuma machache.

Jambo la tatu ndilo linalowatisha jamaa. Kiungo kilichofura na kuwa kigumu huweza kupasuliwa kwa mikato mirefu, ili ule utando mgumu ufunguke na msuli upumue. Jeraha huachwa wazi kwa siku kadhaa kabla ya kufungwa. Tumepata kuwaona jamaa wakimbeba mgonjwa wao na kuondoka, wakisema wamekuja kutibiwa si kuchinjwa. Tunawasihi: mpasuo huo una faida ukifanywa mapema, na ukicheleweshwa huweza kuleta uchafu katika jeraha bila kuokoa kitu. Kuchelewesha idhini ni kuchagua kupoteza mkono.

Kanuni hiyohiyo ya wakati huwahusu wenye maradhi ya moyo na kiharusi. Anayebanwa na kifua kwa ghafla, au anayepooza upande na kinywa kikaenda kombo, mshipa wake wa damu huenda umezibwa. Madaktari wanajua kwamba kuuzibua kuna madhara yake, nao hujitayarisha kwayo; lakini kutouzibua kuna madhara makubwa zaidi. Kwa hiyo naye aharakishwe.

Tufanye nini

Kwanza, mtu asifungwe kamba. Mshukiwa akikamatwa na raia, azuiwe kwa watu kumzunguka, na polisi au wazee wa mtaa waitwe. Akiwa amekwisha kufungwa, akatwe kamba mara moja. Hofu ya damu kurudi isimfanye mtu yeyote aiache kamba ikae zaidi, kwani kila dakika inaongeza sumu na kupunguza msuli.

Pili, iulizwe na kuandikwa saa aliyofungwa au kulaliwa na kitu kizito, na saa aliyofunguliwa. Kama hapana karatasi, iandikwe kwenye ngozi ya mkono kwa kalamu. Daktari huko mbele atauliza hilo kwanza.

Tatu, baada ya kufunguliwa alazwe na atulie, asisimamishwe wala asikimbizwe kuandikisha maelezo. Kiungo kilazwe usawa wa moyo, si juu wala si chini. Ang'olewe pete, saa na bangili.

Nne, asichuliwe, asikandwe kwa maji ya moto, wala kiungo kisifungwe kwa bandeji ya kubana. Mikono ya wachuaji wetu ina baraka katika mambo mengi, ila hapa huusukuma uchafu wa msuli kwenye damu na kuongeza uvimbe.

Tano, akiwa na fahamu kamili na hana jeraha la tumbo wala la kichwa, apewe maji safi anywe kidogokidogo na mara kwa mara wakati safari inatayarishwa. Maji ya dafu yasitumike, kwa kuwa yana potasiamu nyingi. Asipewe vidonge vya maumivu vya aina ya diklofenaki au ibuprofeni, kwani huzidhuru figo zilizokwisha kuelemewa.

Sita, aliyefungwa au kulaliwa na kitu kizito kwa zaidi ya saa moja apelekwe kwa mhudumu wa afya hata kama anasema hana neno. Na dalili hizi zikitokea, hakuna kungoja jua lichomoze: maumivu makali yasiyolingana na jeraha linaloonekana, hasa vidole vinaponyooshwa, ganzi au vidole kukataa kutii, kiungo kuwa kigumu na kung'aa, kubadilika rangi na kupoa, mkojo kuwa na rangi ya kahawa au kukatika, moyo kwenda mbio au kurukaruka.

Saba, kwa aliye chini ya kifusi au gogo: kama yupo mhudumu wa afya mwenye dripu na anaweza kufika upesi, aanze kazi yake huku ninyi mkitayarisha kunyanyua. Kama hayupo, mtoeni bila kukawia. Kumwacha mtu chini ya jiwe kwa kuogopa kumtoa si busara hata kidogo.

Ahadi na ombi letu

Katiba ya Muda ya Jamhuri ya Shirikisho la Somalia ya mwaka 2012 ilikataza mateso na matendo yasiyo ya kibinadamu katika kifungu cha 15, na katika kifungu cha 35 iliamuru kwamba aliyekamatwa afikishwe mbele ya mahakama ndani ya saa 48. Sheria humlinda mshukiwa hata kama ameiba kweli. Mwenye hatia huhukumiwa na kadhi au hakimu, wala hakuna hukumu inayotolewa kwa kamba ya nailoni gizani.

Kwa upande wetu, tunajifunga kwa haya. Pingu zitakazwa kwa kiasi cha kuacha nafasi ya kidole baina ya chuma na ngozi, na zitakaguliwa mara kwa mara. Mtu yeyote atakayeletwa kituoni akiwa amefungwa, kamba itakatwa kwanza, saa itaandikwa katika kitabu, na atapelekwa kwa mhudumu wa afya kabla ya kuulizwa swali la kesi. Maelezo huweza kungoja, msuli haungoji.

Kwenu wananchi, manahodha, wazee wa mitaa, akina mama na vijana, ombi letu ni hili: mkimkamata mtu mwiteni mwenye mamlaka, msimwite mwenye kamba. Na mkimkuta aliyefungwa, mfungueni, kisha mwendelee kumtazama, kwa sababu hatari haikuondoka pamoja na fundo.

Kijana yule hupita kituoni mara kwa mara. Husalimia kwa mkono wa kushoto, nasi twamwitikia. Hajatulaumu hata siku moja, na ukimya wake umetosha kutufanya tuandike haya. Anayesoma makala haya na awasomee wasiojua kusoma, barazani, msikitini na chomboni, ili asipatikane wa pili.

Ushirikiano wenu ndio ulinzi wetu sote. Wabillahi tawfiq.